Arusi na Gharama Zake



Katika vijiji vya Ituri wako watu wazima ambao husali kila Dominika. Sala ya Bwana waijua, Amri Kumi wazijua, watoto wao wamekwisha kubatizwa. Walakini wao wenyewe wangali wamesimama mlangoni. Mkatekista akiwauliza sababu, hawasemi kwamba imani imewashinda. Husema, «Tunangoja kwanza tufanye arusi.» Na arusi yangoja nini? «Yangoja fedha.» Wengine wamengoja miaka mitatu, wengine kumi. Wengine, yasikitisha kusema, wamezikwa wakingoja.

Fundisho hili lahusu neno hilo moja, fedha ya arusi. Labda mtu ataona kwamba hesabu ya mbuzi na mchele si neno la katekisimu. Lakini ikiwa mbuzi na mchele ndivyo vinavyomzuia mtu asifike kwenye Ubatizo na Komunyo, basi havina budi kufundishwa, na kufundishwa waziwazi.

Ndoa ni kitu kimoja, karamu ni kitu kingine

Watu huchanganya maneno mawili. Ndoa ni agano la mume mmoja na mke mmoja, la kudumu mpaka kufa. Arusi ni shangwe ambayo watu hufanya kwa ajili ya agano hilo. Ndoa yaweza kuwako bila karamu. Karamu bila ndoa ni chakula tu.

Sheria ya Kanisa, iliyotangazwa upya mwaka 1983, yafundisha katika kanuni ya 1057 kwamba kinachofanya ndoa ni kukubaliana kwao wawili, kwa hiari, wala hakuna mtu mwingine awezaye kukubali badala yao. Baba hawezi, mjomba hawezi, ukoo mzima hauwezi. Kwa Mkatoliki maneno hayo hunenwa mbele ya padri au shemasi mwenye ruhusa, na mashahidi wawili. Hesabu basi: watu watano. Kanisani pa kijiji, viti viwili vya mbele vyawatosha. Gauni jeupe halikutajwa katika sheria hiyo, wala gari lenye maua, wala keki ya ghorofa tatu. Pete hubarikiwa, nayo ni desturi njema, lakini pete ya bei ndogo hubarikiwa kwa sala ileile.

Na ikiwa mtu aogopa sadaka itakayotakiwa parokiani, ajue kwamba sheria hiyohiyo, katika kanuni ya 848, yamwamuru mhudumu asidai kitu kupita sadaka iliyowekwa na wakubwa wa Kanisa, tena aangalie maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kwa hiyo mkatekumeni asiye na kitu asione haya kwenda kwa paroko na kusema, «Padri, sina.» Neno hilo si aibu. Aibu ni kukaa miaka kumi bila kulisema.

Liko jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Mume na mke ambao wote wawili hawajabatizwa, nao wameoana kwa halali, kwa hiari yao, mume mmoja na mke mmoja, siku watakapobatizwa wote wawili ndoa yao yawa sakramenti. Haihitaji kuanzwa tena kama kwamba haikuwako. Basi yamkini baadhi ya wale wanaongoja arusi hawana deni la arusi hata kidogo. Wanalo tu neno la kunyosha kati ya koo mbili, au la kuandikisha katika ofisi ya serikali. Ikiwa mmoja amebatizwa na mwenzake bado, njia ni nyingine, nayo huhitaji ruhusa ya Askofu. Kila mmoja aende kwa paroko kwanza, kabla ya kununua hata kilo moja ya mchele, apate kujua jambo lake ni lipi.

Mitungi ya Kana

Hapo mtu atainuka na kusema, «Lakini Bwana wetu alikwenda arusini Kana. Divai ilipokwisha aliwapa divai nyingine, tena nyingi.» Ndiyo, nyingi mno: mitungi sita ya mawe, ambayo kwa vipimo vyetu ni zaidi ya lita 400. Yesu Kristu hakuchukia furaha ya watu maskini. Wala katekisimu haikatazi mtu kuchinja, kuimba na kucheza ngoma.

Lakini itazameni vema arusi ile. Wenyeji walipungukiwa, na Mama Maria aliona kabla ya watu wengine. Hakuwatangaza, hakuwacheka, alimwambia Mwanawe kwa siri. Wala hakuna aliyetumwa kwa jirani kukopa divai, wala bwana arusi hakuweka rehani shamba lake. Walileta maji waliyokuwa nayo, na maji ndiyo yaliyobarikiwa. Pamoja na Kana yafaa kukumbuka mfano mwingine wa Bwana katika Injili ya Luka, sura ya 14, wa mtu atakaye kujenga mnara: hukaa kwanza chini na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi, akashindwa kumaliza, watu wakamcheka.

Karatasi ya mali

Mzigo wa kwanza si karamu, ni mali ya kuolea. Zamani wafugaji wa Ituri walitoa ng'ombe. Wakulima walitoa mbuzi, na majembe yaliyofuliwa na wahunzi. Vitu hivyo vilikuwa alama ya urafiki wa koo mbili, na mara nyingi baba wa kijana ndiye aliyevitoa. Siku hizi koo nyingi huandika karatasi, na kijana huipokea kama mtu apokeavyo hesabu ya deni dukani: ng'ombe wangapi, mbuzi wangapi, koti la baba mkwe, vitenge vya mama mkwe, mablanketi, mfuko wa chumvi, sabuni, taa ya petroli. (Taa ya petroli yaendelea kuandikwa hata na nyumba ambazo humulika usiku kwa taa ya jua.) Tena kando yake huandikwa dola, kwa kuwa Bunia ni mji wa biashara, na watu wa Mongbwalu wenye dhahabu wamepandisha kipimo kwa wasio na dhahabu.

Na katika miaka hii hesabu imekuwa chungu zaidi. Tangu machafuko yaliyoanza tena Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, jamaa nyingi zimekimbia. Walioishi na ng'ombe thelathini walijikuta kambini kando ya Bunia, kama pale Kigonze, bila hata mbuzi mmoja. Kumdai kijana wa namna hiyo ng'ombe wanne ni kumwambia aende akaibe, au asioe kamwe. Wala hatakaa bila mke. Atakaa naye bila ndoa, na watoto watazaliwa, na karatasi itakaa juu ya dari ikiliwa na mchwa.

Yafaa wazee wajue sheria ya nchi yasemaje. Kitabu cha sheria ya jamaa cha Kongo, cha tarehe 1 Agosti 1987, kilichorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, chataka mali iwepo kati ya koo mbili. Lakini ili ndoa ifungwe, chasema yatosha kwamba sehemu imetolewa. Si yote, ni sehemu. Nchi za jirani nazo zimeshughulika na neno hilo. Kenya, katika sheria yake ya ndoa ya mwaka 2014, yasema kwamba mahali pa desturi yenye mahari, alama ya mahari yatosha. Uganda, tarehe 6 Agosti 2015, Mahakama Kuu kuliko zote ilikataza ile desturi ya kumlazimisha mwanamke arudishiwe mali yake aliyotolewa ndipo aachwe huru. Mali yenyewe haikukatazwa. Na Waislamu wa Zanzibar na Mombasa humpa mahari bibi arusi mwenyewe, iwe yake, si ya baba yake. Wazee wa Ituri si lazima wafuate desturi za watu wa pwani, lakini wakumbuke kwamba desturi hazikutoka mbinguni zimeandikwa kwenye mawe. Wazee ndio waliozifanya, na wazee waweza kuzipunguza.

Wazee wetu wenyewe husema mali ya mke haiishi. Neno hilo hutumiwa kumsumbua mkwe, lakini lina maana njema pia: ikiwa haiishi, basi yaweza kutolewa polepole, mbuzi mmoja leo, mwingine baada ya mavuno, na ndoa ikafungwa tangu sasa.

Mfano wa kikao kimoja

Tuchukue mfano, usio na jina la mtu wala la kijiji. Mkulima mmoja amekaa na mwenzake miaka sita, wana watoto watatu. Mwanamke ni Mkatoliki tangu utoto wake, lakini kwa miaka sita hapokei Komunyo. Mwanamume ni mkatekumeni. Sehemu ya mali imekwisha kutolewa. Paroko ameona jambo lao, ameandika kwa Askofu, ruhusa imekuja. Yabaki arusi. Baada ya mavuno ya maharagi, mkulima ana dola 150 mkononi na mbuzi mmoja zizini. Koo mbili zakutana chini ya mwembe.

Baba mkubwa wa kijana ndiye asemaye kwanza. «Sisi si watu wa kuoa kama wezi. Nilipomwoza dada yako, watu walikula siku mbili. Sasa wewe utaniweka wapi mbele ya watu?»

Kijana ajibu kwa adabu, «Baba mkubwa, maneno yako nayaheshimu. Lakini deni la siku zile mbili, baba alilimaliza mwaka gani?»

Mzee anyamaza. Kila mtu ajua kwamba lilimalizwa na kipande cha shamba.

Ndugu wengine watoa shauri: mmoja asema wakope kwa mfanyabiashara wa Bunia, mwingine asema wangoje miaka miwili tena. Ndipo mama mkwe, ambaye hakuulizwa, aomba ruhusa ya kusema. «Mkwe wangu, mchele nimekula maisha yangu yote. Mimi nataka kumwona binti yangu akipokea Komunyo kabla macho yangu hayajafumba. Kama mko watu sitini, nitapika. Kama mko mia tatu, mtafuteni mpishi mwingine.»

Watu wacheka. Baba mkubwa ajikuna kichwa, kisha auliza, «Na mbuzi?»

«Mbuzi mmoja yuko.»

«Basi huyo mmoja na alishwe vizuri toka leo.»

Hivyo kikao kikaisha, na siku ikawekwa.

Yatazameni maneno ya mama mkwe. Hakusema arusi iwe mbaya. Alitaja hesabu ya watu. Hapo ndipo gharama za arusi hukaa zote: si katika gauni, si katika maua, bali katika hesabu ya midomo.

Hesabu ya jikoni

Mbuzi mkubwa hutoa kilo 12 hivi za nyama pamoja na mifupa. Kila mgeni akipewa gramu 200, mbuzi mmoja hulisha watu 60. Mchele mkavu gramu 100 zamtosha mtu mmoja pakiwapo chakula kingine. Kwa watu 60 ni kilo 6. Maharagi vilevile kilo 6. Unga wa mihogo au mahindi, kwa wale ambao hawajashiba mpaka waone ugali, gramu 150 kila mtu, yaani kilo 9. Sombe, ndizi na mboga hutoka shambani. Kwa watu 300 yawapasa kuchinja mbuzi 5, kununua mchele kilo 30, maharagi kilo 30 na unga kilo 45, kuongeza mafuta, chumvi, kuni, sufuria za kuazima, na wapishi. Na wapishi nao watakula.

Vinywaji ndivyo vinavyomeza fedha bila kuonekana. Kila mgeni akipewa chupa moja ya soda, watu 60 wamaliza kreti tatu za chupa 24, na chupa chache zabaki kwa watoto. Watu 300 wakinywa chupa mbilimbili ni chupa 600, yaani kreti 25. Na bia ikiingia, kreti huhesabiwa kwa macho mekundu. Maji ya mananasi yenye tangawizi, yaliyochemshwa na akina mama wa jumuiya asubuhi hiyohiyo, hunywewa kwa furaha na hayaleti ugomvi jioni.

Vitu vingi vinavyouzwa sokoni Bunia hutoka Uganda, kwa njia ya ziwa au kwa malori kupitia Mahagi na Aru. Barabara ikifungwa kwa vita au kwa matope, bei yapanda kwa siku mbili. Kwa hiyo mtu asinunue vyote juma la arusi. Mchele, chumvi, sabuni na mafuta hununuliwa kidogo kidogo miezi mitatu kabla, na kuwekwa mahali pasipo panya. Samaki wa Kasenyi na Tchomia ni wazuri, lakini hawangoji. Wasitegemewe ila na wale wakaao karibu na ziwa.

Na saa ya arusi nayo ni fedha. Misa ikiwa saa tatu ya asubuhi, wageni hula mara moja, huimba, hushukuru, na jua likiwa bado juu huanza kurudi makwao. Arusi ya usiku yataka taa, jenereta, petroli, chakula cha pili, na mahali pa kulala. Tena katika jimbo lililowekwa chini ya utawala wa kijeshi kuanzia tarehe 6 Mei 2021, si busara kuwaacha wageni njiani gizani. Mwezi nao uchaguliwe: baada ya mavuno, na ikiwezekana kati ya Desemba na Februari mvua zikiwa chache, ili turubai lisikodiwe. Katika Kwaresima parokia nyingi hazifanyi arusi za shangwe.

Juu ya mavazi maneno machache yatosha. Vazi safi la Dominika ni vazi la arusi. Gauni jeupe laweza kuazimwa. Kulazimisha kila mgeni anunue kitenge cha namna moja ni kuwafungia mlango wageni walio maskini.

Namna watu wa miji mingine wafanyavyo

Vijana warudio kutoka miji mikubwa huleta habari za arusi walizoziona, na wazee husikia na kuona haya kwa ajili ya kijiji chao. Afadhali basi kuzijua habari hizo sawasawa.

Kampala, jamaa na marafiki huitwa kwenye mikutano majuma mengi kabla ya siku ya arusi. Kila mmoja husimama na kusema atatoa nini, na mwandishi huandika. Ahadi nyingi hutolewa kwa sauti kubwa; kuzilipa ni sauti nyingine. Dar es Salaam hufanya kamati ya arusi, nayo hugawa kadi za michango. Atoaye kiasi fulani hupata kadi ya kuingia peke yake, aongezaye huingia na mwenziwe, asiyetoa hapati kadi. Kabla ya arusi yenyewe huwako sherehe ya akina mama ya kumfunda bibi arusi, na sherehe nyingine ya kumwaga nyumbani kwao, hata watu hulipa mara tatu kwa ndoa moja. Nairobi nako kuna kamati na harambee. Kisangani na Kinshasa, watu huanza kuchoka tangu karatasi ya mali.

Kumbe mijini nako fedha haitoshi! Tofauti ni kwamba wao wamekubali kwamba bwana arusi peke yake haiwezi, nao wameandika hesabu mbele ya watu. Hilo ni jema, na kijiji chaweza kuliiga. Watu watano huchaguliwa, mmoja akiwa mwanamke ajuaye bei za soko, na mmoja mtunza fedha ambaye si ndugu wa mlevi yeyote. Daftari moja la shule latosha. Upande wa kushoto huandikwa kilichopo mkononi. Ahadi haziandikwi hapo mpaka zimefika. Upande wa kulia huandikwa cha kununua, kikianza na kile ambacho bila hicho ndoa haifungwi: barua ya ubatizo ya aliyebatizwa, safari ya kwenda parokiani kwa mafundisho na matangazo, kuandikisha ndoa serikalini. Baadaye chakula. Mapambo yawe ya mwisho, tena yawe maua ya porini, ambayo Mungu huyaotesha bure.

Walakini ile desturi ya kadi haifai kuingia kijijini. Jirani asiye na fedha huleta kuni, mwingine huchota maji, mwingine huleta mkungu wa ndizi, mzee huleta ngoma yake. Wakiambiwa kwamba vitu hivyo si mchango, watakaa nyumbani, na arusi itakuwa imemfukuza Lazaro mlangoni. Wale walio katika vikundi vya akiba, ambao hukutana kila juma na kuweka hisa zao, waweza kuiweka fedha ya arusi humo polepole. Ila wasichukue mkopo wa kikundi kwa ajili ya karamu, kwani karamu haizai kitu cha kuulipa. Waswahili wa pwani walikwisha kusema, kukopa arusi, kulipa matanga. Deni la arusi hurudi siku ile mtoto wa kwanza ana homa, au siku mkubwa wake ataka ada ya sekondari.

Arusi za watu wengi pamoja, na arusi za watu wachache

Katika parokia nyingi za Kongo mapadri hubariki ndoa nyingi katika Misa moja. Wako watu wanaodharau jambo hilo, wakiliita arusi ya maskini. Basi na wasikie. Tarehe 14 Septemba 2014, katika Basilika la Mtakatifu Petro huko Roma, Baba Mtakatifu Fransisko aliwafungisha ndoa wachumba 20 pamoja, arobaini kwa hesabu ya watu, katika Misa moja. Ikiwa Roma yenyewe haikuona haya, kijiji cha Ituri chaonea haya nini? Jozi saba zikiungana huchinja pamoja, huazima viti pamoja, kwaya ni moja, na kila ukoo hulipa sehemu ya saba ya vile ambavyo ungelipa wote.

Baba Mtakatifu huyohuyo, katika waraka wake juu ya upendo katika jamaa, wa tarehe 19 Machi 2016, namba 212, alieleza kwamba maandalio ya mavazi, kadi na karamu humaliza fedha na pia nguvu na furaha ya wachumba, hata wakafika siku ya arusi wamechoka. Tena alisikitika kwamba wengine hukaa pamoja bila ndoa kwa kuogopa gharama. Aliwasihi wachumba wawe na moyo wa kufanya tofauti na watu. Maneno hayo hayakuandikwa kwa ajili ya Ituri tu, lakini mtu wa Ituri ayasomapo aona kama mwandishi alipita kijijini kwake.

Na arusi ya watu wachache si neno geni kwa watakatifu. Wakatekumeni wengi wamejua jina la Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, msimamizi wa misioni. Wazazi wake, Louis na Zélie Martin, walifunga ndoa katika mji wa Alençon, Ufaransa, tarehe 13 Julai 1858, saa sita ya usiku, kanisani, bila umati wa watu. Walikuwa na kazi zao, yeye fundi wa saa, mkewe mfumaji wa lesi; hawakuwa ombaomba. Walizaa watoto tisa, wakazika wanne. Tarehe 18 Oktoba 2015 Kanisa liliwatangaza wote wawili pamoja kuwa watakatifu. Hakuna aliyeuliza wageni walikula nini usiku ule.

Maulizo ya kujadiliana

Wakatekumeni wayajibu maulizo haya nyumbani, mume na mke pamoja, kisha wayalete kwa mkatekista Dominika ijayo. Ni watu wangapi wanaohitajiwa ili ndoa ya Mkatoliki ifungwe? Katika nyumba yenu, ni nini kinachozuia: ni mali, ni karamu, ni kikaratasi cha serikali, au ni hofu ya baba mkubwa fulani? Sehemu ya mali imetolewa au bado, na nani aweza kwenda kuzungumza na wakwe? Leo mkononi, bila ahadi, mnacho kiasi gani? Ikiwa wageni ni 40, kwa hesabu ya jikoni iliyotajwa juu, mchele ni kilo ngapi, na nyama ni kilo ngapi? Na ni jozi gani nyingine kijijini ambazo zangoja kama ninyi, ambazo mngeweza kwenda nazo pamoja kwa paroko juma hili?